Kabla ya Kuziba Ufa

Ikiwa umejifunza Kiswahili kwa mwaka mmoja hivi, bila shaka umekwisha kukutana na methali isemayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu tunaipenda. Ni fupi, inaonyesha vizuri kitenzi cha masharti katika hali ya ukanushi, na maana yake haimsumbui mtu: dogo likipuuzwa huzaa kubwa. Mwanafunzi huandika insha kuhusu mtoto aliyedekezwa au rushwa ndogo iliyoachwa ikakomaa, akapewa alama zake, na ule ufa wenyewe wa ukutani asiutazame tena.

Leo naomba turejee kwenye ufa wenyewe. Mimi naishi Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu. Mji wetu umebanana na Goma ya Kongo kiasi kwamba mgeni akitazama kutoka ziwani huweza kudhani ni mji mmoja. Hapa kwetu neno ufa lina uzito ambao halina katika kitabu cha methali. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na kwa siku kadhaa zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana. Baadhi ya mitetemeko ilizidi kipimo cha 5. Lava iliishia pembezoni mwa Goma, lakini mitetemeko haikuuliza mpaka uko wapi. Barabara zilipasuka, kuta za nyumba na maduka zikachanika, na familia nyingi zikalala nje kwa kuziogopa nyumba zao wenyewe. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Mto Sebeya ulifurika hapa Rubavu. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha nchini usiku ule, na baadhi yao waliangukiwa na nyumba zao wakiwa usingizini.

Kwa sababu hiyo nataka tuzungumze juu ya kazi ndogo ndogo za kuitengeneza nyumba kwa mikono yako mwenyewe: bomba linalovuja, bawaba iliyolegea, lipu iliyobanduka. Huenda ukashangaa mwalimu wa lugha na uraia ana shughuli gani na bawaba. Nina sababu. Nimeona kwamba mtu anayezoea kutengeneza vitu vidogo nyumbani hujifunza kwanza kutazama, na katika kutazama huko hujifunza kupambanua kazi iliyo yake, kazi iliyo ya fundi, na kazi isiyoweza kufanywa ila na jamii nzima pamoja na viongozi wake. Upambanuzi huo, kwa maoni yangu, ndio nusu ya uraia.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo yaliyotukutanisha. Ikiwa lugha yako ya kwanza ni Kinyarwanda, sanduku la vifaa ni mahali pazuri mno pa kujifunzia Kiswahili, maana nusu ya maneno unayo tayari. Inyundo ni nyundo. Umusumari ni msumari. Itafari ni tofali, umucanga ni mchanga, irangi ni rangi, ibati ni bati, ingufuri ni kufuli, idirishya ni dirisha, urukuta ni ukuta, na umufundi ni fundi. Hata Nyundo, mahali petu panapojulikana kwa shule yake ya sanaa, hutamkwa kama chombo cha kugongea misumari. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, wako waliokiona kuwa lugha ya kigeni inayobisha hodi. Mafundi wetu walijua kwamba ilikwisha kuingia zamani, na mkononi imeshika nyundo.

Yapo pia maneno ambayo hutayakisia, na hayo ndiyo ya kuandika katika daftari lako. Bisibisi hufungia na kufungulia skrubu. Koleo hubana na kung'oa. Randa hulainisha mbao. Timazi ni kamba yenye kizito mwishoni, nayo huonyesha kama ukuta umesimama wima. Mlizamu ni ule mfereji wa chini ya paa unaopokea maji ya mvua, ingawa mafundi wengi watakuambia gata. Kukandika ni kupaka udongo ukutani. Kupiga lipu ni kupaka mchanganyiko wa mchanga na sima. Kutengeneza hutosha kwa kila kitu kilichoharibika, lakini kukarabati hutumika zaidi kwa nyumba, barabara na mitambo. Usiseme umekarabati chai.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo sikuwahi kulifundisha vizuri zaidi kuliko siku nilipolifundisha kwa bisibisi. Kiswahili kina viambishi vinavyogeuza tendo kuwa kinyume chake: funga, fungua, ziba, zibua, ezeka, ezua, bandika, bandua, panga, pangua, chomeka, chomoa. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua. Kinyarwanda nacho kinayo, kwani kufunga ni gufunga na kufungua ni gufungura. Basi fundi mzuri anayafahamu matendo haya mawili mawili. Kabla hajafungua kitu, huhakikisha kwamba ataweza kukifunga. Hupanga skrubu juu ya kitambaa kwa mfuatano ule ule alioufungua, ili mkono urudi ulikotoka. Kijana asiye na subira hufungua kila kitu kwa furaha, na jioni hubaki na bakuli la vyuma ambavyo havirudi popote. Nenda nyumbani leo ukafungue kitu kimoja kisicho na hatari, labda kitasa cha kabati, ukifunge tena huku ukitamka kila kitenzi. Utaukumbuka mnyambuliko huo maisha yako yote.

Sasa twende kwenye kazi zenyewe. Nimechagua tatu ambazo mtu yeyote mwenye afya na uvumilivu anaweza kuzifanya.

Ya kwanza ni bomba linalodondosha maji. Aghalabu kosa si la bomba lote. Ni la kipande kidogo cha mpira cha mviringo kilichomo ndani, ambacho mafundi hukiita washa. Kimechakaa, hakibani tena. Funga koki kuu ya maji kwanza. Fungua bomba ili maji yaliyobaki yatoke. Kisha legeza sehemu ya juu kwa spana, toa mpira uliokwisha, na upeleke dukani wenyewe kama mfano, ili usinunue wa kipimo kingine. Rudisha kila kitu kwa mfuatano wake. Kama unaona kazi hii haina maana, fanya hesabu: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku moja. Weka ndoo chini ya bomba asubuhi, utazame jioni. Katika mji ambao ziwa liko mbele ya macho ya kila mtu, na bado wako wanaobeba madumu kupanda mlima, ndoo hiyo itakufundisha kuliko hotuba yangu.

Ya pili ni mlizamu. Majani, vumbi na viota vya ndege huuziba, maji hufurika, na badala ya kwenda kwenye tangi au mtaro huteremka ukutani na kuloanisha msingi. Katika nyumba ya matofali mabichi, yale tunayoyaita rukarakara, hakuna adui mkubwa kuliko maji yanayokaa chini ya ukuta. Udongo mkavu hubeba paa miaka na miaka. Udongo ulioloa hulainika, na ukuta huanza kutoka miguuni. Safisha mlizamu mara mbili kwa mwaka: mwezi Agosti, kabla icyi haijaisha na mvua za umuhindo kuanza, na tena mwezi Februari kabla ya itumba, yaani masika. Mtu mmoja apande ngazi, mwingine aishike. Usipande peke yako hata kama wewe ni hodari.

Ya tatu ni lipu iliyobanduka, na hapa ndipo watu wengi huharibu kwa nia njema. Mtu ana ukuta wa udongo, kipande kimeanguka, anakimbilia sima kwa kuwa sima ni ngumu na ngumu ndiyo bora. Sima ni ngumu kweli, lakini udongo ni laini na hupumua. Unapokea unyevu na kuutoa. Ukiuvika koti gumu la sima, unyevu hunaswa nyuma yake, na baada ya msimu mmoja au miwili kipande chote huanguka na kuchukua sehemu ya ukuta. Ukuta wa udongo hutakiwa kukandikwa kwa kinachofanana nao: udongo uliochekechwa, mchanga, na majani makavu yaliyokatwakatwa. Ondoa kwanza vyote vilivyolegea. Nyunyiza maji ili ukuta usinyonye unyevu wa mchanganyiko wako kwa pupa. Paka tabaka jembamba, liache likauke polepole, kisha paka jingine. Ni kazi ya siku kadhaa, na hakuna njia ya kuiharakisha.

Chombo cha kupakia lipu huitwa mwiko. Jina hilo hilo ni la kile kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali. Na mwiko, kama ujuavyo, ni pia jambo lililokatazwa na desturi. Maneno haya matatu huandikwa na kutamkwa sawasawa, nami nimezoea kuwaambia wanafunzi kwamba anayeshika mwiko wa kwanza na wa pili ni lazima aujue na wa tatu.

Basi ipo miiko ya nyumba. Usiguse waya wa umeme ambao hujauzimia umeme kwenye swichi kuu, na hata ukiuzima, kazi inayozidi kubadilisha balbu mpe fundi wa umeme. Mita ya Cash Power, ingawa iko ukutani kwako, si yako. Ni ya shirika la umeme, na mtu anayeichokoa anahatarisha maisha ya wote waliomo ndani. Usiondoe nguzo wala kutoboa mlango mpya katika ukuta unaobeba paa. Ukarabati unaogusa muundo wa nyumba unahitaji kibali, na ofisi ya ujenzi ya wilaya ipo kwa kazi hiyo. Vijana wengine huona kibali kuwa usumbufu wa karatasi. Lakini ukuta wako ukianguka hauangukii upande wako tu, na jirani hakupata nafasi ya kukataa.

Mwiko mkubwa kuliko yote nilijifunza kuueleza kutokana na mlango mmoja.

Jumamosi zile zisizokuwa za umuganda, wanafunzi wachache huja nyumbani kwangu. Sheria ni moja: tunatengeneza kitu, na tunazungumza Kiswahili peke yake tangu kufungua sanduku hadi kulifunga. Mwaka mmoja alikuwapo binti wa mwaka wa tatu wa sekondari, mtulivu, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake. Familia yake ilikuwa imehamia katika nyumba ya kupanga mtaa wa pili kutoka kwangu. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kupendeza. Siku moja akaniomba randa.

“Mwalimu, mlango wa chumba chetu cha nyuma unakwama. Naomba kuuparua kidogo.”

Nikampa. Alifanya kazi safi, mlango ukafunga. Baada ya majuma mawili akarudi kuomba randa tena, na mlango ukafunga tena. Mara ya tatu hakuomba randa. Alisimama mlangoni pangu akasema, “Mwalimu, nadhani mlango hauna kosa.”

Msomaji wangu, sentensi hiyo ni fupi, lakini ina elimu nyingi. Mtu mwingine angeendelea kuuparua mlango mpaka ukawa ubao. Yeye, kwa kuushika mara mbili kwa mikono yake, alijua amekwisha kuutendea yote uliyostahili, na kwamba kitu kingine kilikuwa kinasogea. Nilikwenda naye. Mama yake alinikaribisha, akaniambia, “Karibu, Mwalimu, huyu mtoto amekataa kulala chumba kile.” Tulitazama juu ya mlango. Chini ya ile rangi mpya mstari mwembamba ulikuwa umeanza kuonekana, ukitoka kwenye pembe ya fremu na kupanda kwa mshazari hadi karibu na paa. Tulizunguka nje. Mstari ule ule ulikuwapo upande wa pili.

Hapa naomba uchukue daftari. Nyufa si aina moja. Zile nyembamba kama unywele, zilizotawanyika kama utando wa buibui juu ya lipu, kwa kawaida ni za lipu yenyewe iliyokauka haraka. Unaweza kuziziba siku yoyote. Ufa unaotoka kwenye pembe ya mlango au dirisha na kwenda mshazari, au unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya matofali, au uliopana upande mmoja kuliko mwingine, au unaoonekana ndani na nje, huo unakuambia habari za msingi au za ukuta mzima. Na mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama bila sababu ni shahidi wa kusikilizwa.

Hatukuziba kitu. Tulichora kwa penseli mstari mdogo mahali ufa ulipokomea, tukaandika tarehe pembeni. Kulikuwa na mvua. Baada ya majuma matatu ufa ulikuwa umeuvuka mstari wetu kwa upana wa kidole. Binti akachora mwingine, akaandika tarehe ya pili.

Mama alimweleza mwenye nyumba. Akajibiwa, “Hiyo ni lipu tu, Mama. Lipu zote hupasuka.” Jibu hilo lilikuwa gumu kulipinga, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Lakini sasa familia ilikuwa na kitu ambacho mpangaji kwa kawaida hana: tarehe mbili na mistari miwili ukutani. Mama aliwapeleka mashahidi hao kwa mkuu wa umudugudu, na mkuu wa umudugudu akaja na fundi mwashi mzee. Fundi hakusema neno. Alikwangua rangi kwa ncha ya mwiko, akakwangua lipu, na ndani ya ufa tukaona karatasi za gazeti na vipande vya gunia vilivyosokomezwa, juu yake tabaka la sima, juu yake rangi. Ukuta ulikuwa umepasuka tangu mitetemeko ya 2021. Mtu wa ujenzi kutoka wilayani alipofika alisema chumba kile kisilaliwe, na ukuta ule uvunjwe ujengwe upya.

Sitaki umhukumu upesi yule mwenye nyumba. Naye alipata hasara mwaka ule kama wengine, alikuwa na mkopo, na nyumba isiyopangishwa hailipi deni. Hakunisalimu kwa miezi kadhaa. Familia ilihama kabla ukuta haujaanza kuvunjwa, na kuhama si jambo jepesi kwa mama mwenye watoto wanne. Hakuna aliyetoka katika jambo lile akiwa na furaha. Walitoka wakiwa hai, na nilipoyasikia maji ya Sebeya mwezi Mei wa 2023 nilikumbuka kwamba kuna majirani zetu ambao hawakupata hata hilo.

Jumamosi iliyofuata yule binti aliniuliza, “Mwalimu, kwa hiyo ile methali ni ya uongo? Yeye aliuziba ufa, na bado atajenga ukuta.”

Nilimjibu kwamba methali haisemi uongo, ila inamwamini mno msikilizaji. Inadhani anajua ufa anaouziba. Wazee walioitunga waliishi katika nyumba walizozijenga wenyewe na jirani zao. Kila fito ilijulikana ilikotoka, na aliyekandika alijua kilichomo nyuma ya udongo. Kuziba kwao kulikuja baada ya kujua. Sisi tunaoishi katika nyumba zilizojengwa na watu tusiowajua, tukapaka rangi juu ya lipu tusiyoipiga, tunahitaji hatua moja kabla ya methali: kuutazama ufa, kuutilia alama, na kuungoja useme. Kuziba bila kujua ni kuficha, na mara nyingi anayefichwa ni yule atakayelala chini yake. Nadhani hata katika mambo ya nchi ni hivyo hivyo. Malalamiko yaliyonyamazishwa, hesabu za kikundi zilizosawazishwa kwa kalamu, ugomvi wa ndugu uliofunikwa kwa sherehe: yote hayo yana rangi mpya na gazeti ndani.

Huenda utaniambia kwamba kujitengenezea vitu nyumbani kunawanyima mafundi riziki. Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na ninaiheshimu kwa kuwa inasemwa na watu wanaoishi kwa kazi ya mikono. Lakini mimi nimeona kinyume chake. Mtu asiyewahi kushika mwiko humpunja fundi, kwa kuwa anadhani kazi ni rahisi. Au hupunjwa naye, kwa kuwa hajui kazi nzuri ina sura gani. Aliyewahi kukandika ukuta wa jikoni kwake kwa siku tatu, akaona mgongo ulivyouma, hulipa bila maneno mengi na huuliza maswali yenye maana. Yule mwashi mzee aliponyamaza akikwangua, binti peke yake ndiye aliyefahamu anatafuta nini, na mzee alipogundua hivyo akampa ule mwiko akwangue mwenyewe.

Ndiyo, binti. Katika mitaa yetu bado wapo wanaosema nyundo si chombo cha msichana, ilhali mama zao ndio waliokandika nyumba walimozaliwa. Sitapoteza maneno mengi hapa. Ngeli ya nyundo ni I-ZI, haina jinsia.

Nimekwisha kutaja umuganda, nao unastahili aya yake. Unajua kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Wanyarwanda hutoka kufanya kazi za pamoja: kuchimba mitaro, kupanda miti, kumjengea nyumba asiyejiweza. Je, unajua kwamba neno lenyewe, katika maana yake ya zamani, lilitaja mti wa kujengea nyumba? Kila aliyekuja kumsaidia jirani alileta mti wake. Lugha basi iliona tangu mwanzo kwamba nyumba ya mtu mmoja imesimama juu ya miti ya wengi. Mlizamu wako ni wako, lakini mtaro unaopokea maji yake ni wa mtaa. Ukisafisha mlizamu na mtaro umeziba, umepeleka maji kwa jirani wa chini. Mtaro ukizibuliwa na milizamu ya wote imejaa takataka, tumefanya kazi ya nusu. Na mto unapofurika, hakuna mwiko wala nyundo ya mtu mmoja inayotosha. Hapo twahitaji kingo za mto, miti kwenye miteremko, na viongozi watakaotuambia kwa ukweli ni wapi pasipofaa kujengwa hata kama tumepazoea.

Kwa hiyo kazi yako ya juma hili ni hii. Izunguke nyumba unayoishi, ndani na nje, ukiwa na daftari na penseli. Usitengeneze kitu. Andika kwa Kiswahili kila kilicholegea, kinachovuja, kilichopasuka, kinachokwama. Kisha ukigawe katika safu tatu: cha kwangu, cha fundi, cha wote. Kwenye kila ufa unaoutilia shaka chora mstari mahali unapokomea, uandike tarehe. Kama umepanga, mwonyeshe mwenye nyumba orodha hiyo kwa adabu, na wewe ubaki na nakala. Ukikutana na kifaa usichokijua jina, muulize fundi wa mtaani kwako kabla ya kuniuliza mimi. Yaelekea atalijua kwa lugha tatu, na atafurahi kwamba kuna mtu ameuliza.